Ibn Majid: Kujua Njia Si Ushahidi



Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa bahari, naye akawapita. Aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na shairi refu la njia ya Sofala. Chombo kitokacho Kilwa kwenda Sofala hupita hapa kwetu: Palma, Mocímboa da Praia, visiwa vya Kerimba.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani hii akielekea kaskazini. Malindi alipewa rubani, akafika Calicut kabla ya mwezi kwisha. Miongo kadhaa baadaye, Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid. Karne ya 20 Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza kauli hiyo, na mpaka leo wapo wanaomlaumu marehemu kwa kuwafungulia Wareno mlango.

Wengi huitetea kauli hiyo hivi: aliijua njia, basi ndiye. Tuipime kwa usul tuliyosoma chuoni. Sharti ni jambo ambalo lisipokuwapo, hukumu haipo. Lakini likiwapo, hukumu yaweza kuwapo au isiwepo. Bila twahara swala haisihi, lakini aliyetawadha bado hajaswali.

Kujua njia kulikuwa sharti la kuwa rubani wa Da Gama. Asiyeijua tungemwondoa mara moja. Lakini walioijua walikuwa wengi, maana vyombo vya Gujarat vilikuwa vikija na kurudi kila msimu. Tena mwanahistoria Mreno João de Barros anamtaja rubani kuwa Mwislamu wa Gujarat, ilhali Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar. Watafiti wengi wa sasa wameiacha tuhuma hiyo.

Basi tushike hili: kukosa sharti kunatosha kumtoa mtu katika tuhuma, kuwa nalo hakutoshi kumtia hatiani.

Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017, vijana wa pwani yetu wameshukiwa kwa lugha yao, kanzu yao, au kwa kuzijua njia za msituni. Ukisikia hoja ya namna hiyo, hata kwa mtu wako wa karibu, muulize: hilo ni sharti tu, au ni ushahidi?

Allah amrehemu Ibn Majid. Wallahu a'lam.