Srinivasa Ramanujan na Namba Zenye Vigawo Vingi

Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta twaijua dazeni tangu utotoni. Vitu 12 hugawanywa sawasawa kwa watu wawili, watatu, wanne au sita pasipo kubaki hata kimoja. Vitu 10 havina ukarimu huo. Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu, twamkumbuka mtu aliyeifuata siri hiyo ndogo ya dukani hadi mahali ambapo daftari zetu hazifiki.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba 1887, akalelewa Kumbakonam, karibu na hekalu la Sarangapani. Baba yake alikuwa karani katika duka la vitambaa. Mama yake alimlea katika ibada ya Devi Namagiri wa Namakkal, na Ramanujan aliamini maisha yake yote kwamba kipaji chake kilitoka kwa Devi huyo.

Kwa kuwa aliyaacha masomo mengine yote kwa ajili ya hesabu, alipoteza ufadhili wa chuo cha Kumbakonam, kisha akashindwa mitihani huko Madras. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo alikokotoa juu ya kibao. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani katika bandari ya Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi. Mwaka uliofuata alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge, naye Hardy akamtambua.

Mila ya Wabrahmini ilikataza kuvuka bahari. Yasimuliwa kwamba mama yake alikubali baada ya kuoteshwa na Devi asimzuie mwanawe. Wazee wetu, waliopanda majahazi kutoka Kutch na Kathiawar kuja pwani hii, wangeuelewa uzito wa safari hiyo ya 1914.

Mwaka 1915 alitoa makala kuhusu namba ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko yenyewe. 12 ni mojawapo, yenye vigawo 6. 60 ina vigawo 12. Orodha yake ilifika 6,746,328,388,800, yenye vigawo 10,080, naye hakuwa na mashine ya kompyuta. Namba moja tu ilimponyoka: 293,318,625,600. Mwenye kufunga hesabu za mwaka kwa mkono atajua jinsi kosa hilo lilivyo dogo.

Kwa kazi hiyo Cambridge ilimtunuku shahada mwaka 1916, na mwaka 1918 akachaguliwa katika Royal Society ya London. Lakini maradhi yalikuwa yamekwisha kumdhoofisha. Alirejea India mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na umri wa miaka 32.

Hatuna budi kukiri jambo. Katika jamii yetu, kijana aliyefeli mtihani aliwekwa dukani, na mada ikafungwa. Sisi wenyewe tuliishia sekondari, na baadaye tukawatendea wanetu vivyo hivyo. Hatukupata kuuliza yule kijana alikuwa akiandika nini nyuma ya stakabadhi. Ramanujan aliokolewa na watu wachache waliouliza. Wajukuu wetu wangali wadogo. Kwao bado tunaweza kuuliza.