Alipofungwa na Ndugu Zake

Usiku wa Desemba 2, 1577, Mtakatifu Yohane wa Msalaba alikamatwa na Wakarmeli wenzake waliopinga mageuzi ya shirika, akafungwa Toledo, Hispania. Kwa miezi tisa hivi alikaa katika chumba chembamba chenye giza, akichapwa mbele ya watawa kama mwasi. Alisali, mlango haukufunguliwa. Hata kuadhimisha Misa alinyimwa. Humo gizani alitunga mashairi ya kumpenda Mungu. Agosti 1578 alitoroka, wala hakulipa kisasi.

Mpendwa, unaposali bila jibu, na wanajumuiya wananong'ona kwamba huna imani, usiache kusali. Nasi tunaonong'ona tujiulize: tumemfungia nani mlango?