Siti binti Saad: Sauti Iliyoshinda Dhihaka

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa mafukara walioishi kwa kilimo na ufinyanzi. Hakupata elimu ya skuli, na kwa vigezo vya waungwana wa zama zile, hakuwa na nasaba wala uzuri wa sura.

Alichojaliwa ni sauti. Alipotembeza vyungu alivinadi kwa kuimba, na wanunuzi wakamtambua kabla hajawafikia. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kilabu cha taarab cha Ikhwan Safaa kilichoasisiwa mwaka wa 1905, naye akamnoa katika uimbaji.

Mahasidi hawakumwacha. Walimsuta kwa nyimbo, wakimkumbusha kaniki aliyokuja nayo kutoka shamba. Siti hakujitetea kwa kudai ukoo au urembo asiokuwa nao. Alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya sura na nasaba. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliyahifadhi mashairi kichwani. Ala nazo aliwaachia waliozimudu: Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam wakicharaza nyuzi, Buda bin Mwendo akipiga ngoma. Yeye akabaki na lililo lake, kuimba.

Tena aliimba kwa Kiswahili, ilhali taarab ya makasri iliimbwa kwa Kiarabu. Kwa lugha hiyo, dhiki za wanyonge zilipata msemaji. Wimbo wake wa Kijiti ulishutumu kesi ya mauaji ya mwanamke, ambapo waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa huku mshukiwa akiwa ametoroka. Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo zilimtangaza kote mwambao.

Siti alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert, aliyemhoji karibu na mwisho wa uhai wake, alimwandikia wasifu ambao ungali hazina ya wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Sura na nasaba za waliomcheka zimesahaulika; sauti ya mwuza vyungu ingali yasikika. Laiti angeutumia umri wake kutafuta alichonyimwa, huenda hata alichojaliwa kingempotea.