Mother Jones: ukoo wa mama wa wachimbaji

Wachimba makaa ya mawe wa Marekani walimuita Mama, hata wazee wenye ndevu nyeupe. Lakini alikuwa mama wa nani? Watu wenye kutafuta ukoo wake walirudi nyuma mpaka Cork, kule Ireland, na pale walikuta jambo.

Yeye mwenyewe alikuwa anasema alizaliwa tarehe 1 Mei 1830. Kitabu cha ubatizo cha Cork kinasema ingine: Mary Harris, binti ya Richard Harris na Ellen Cotter, alibatizwa tarehe 1 Agosti 1837. Kumbe alijiongezea miaka saba! Tusimcheke. Hapa kwetu wazee wangapi karte yao inaandika «né vers»? Mimi naona alichagua: mwanamke mzee anaogopwa zaidi mbele ya polisi, na tarehe 1 Mei ni siku yetu wafanyakazi.

Jamaa yao walihamia Toronto, Canada, na baba alifanya kazi ya reli. Ndugu yake William akawa padri kule. Juu ya huyu, Mama hakusema karibu kitu.

Sehemu nzito ni Memphis. Mwaka wa 1861 aliolewa pale na George Jones, fundi wa kumimina chuma, mtu wa sendika. Walizaa watoto wane. Mwaka wa 1867 homa ya manjano iliingia mji. Matajiri walikimbia, masikini walibaki. Watoto walikufa mmoja mmoja, wote wane, na bwana naye akafuata. Sendika ndiyo ilimzika. Mama akabaki peke yake na miaka 30. Ndiyo sababu leo ukitafuta wajukuu wake hutapata hata mmoja.

Alienda Chicago kushona nguo za matajiri, na moto wa 1871 ukaunguza kila kitu. Kutoka pale hakuwa tena na nyumba ya kusema ni yake: palipo greve ya wachimbaji, ndipo alipolala. Mwaka wa 1913, na miaka 75, korti ya kijeshi ya West Virginia ilimfunga. Akatoka kisha miezi michache.

Alikufa tarehe 30 Novemba 1930. Alikuwa ameomba azikwe Mount Olive, Illinois, kando ya wachimbaji waliouawa Virden mwaka wa 1898, sababu hao aliwahesabu watoto wake. Jiwe kubwa la kaburi lilisimamishwa mwaka wa 1936, na pesa ilitoka kwa wachimbaji.