Menasseh ben Israel na Wareno Waliotawanyika

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huwakumbuka Wareno kwa mambo mawili: Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1593, na maneno kama vile meza, leso, bendera na gereza ambayo lugha yetu iliyapokea kutoka kwao. Katika kumbukumbu zetu, Mreno ni mtawala aliyekuja na mizinga. Aghalabu hatukumbuki kwamba katika enzi iyo hiyo walikuwapo Wareno wengine ambao hawakuihama nchi yao ili wakatawale ng'ambo, bali waliikimbia ili wasichomwe moto. Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wa wana wa wakimbizi hao, rabi na mpiga chapa Menasseh ben Israel (1604-1657). Swali linalotuongoza ni hili: watu waliotawanyika katika nchi nyingi, wasio na serikali wala jeshi, hushikamanishwa na nini? Maisha yake yanaonyesha kwamba hushikamanishwa na lugha, kitabu, biashara na kukumbukana. Yanaonyesha pia kwamba mshikamano huo una gharama, na kwamba gharama yenyewe hulipwa na wengine ambao hawatajwi.

Asili na Malezi

Mnamo mwaka wa 1497, Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliwalazimisha Wayahudi wa nchi yake kubatizwa. Wao na wazao wao wakaitwa Wakristo Wapya. Tangu mwaka wa 1536, Inkwizisheni, yaani mahakama ya kanisa iliyowasaka wazushi wa imani, ilianza kuwafuatilia wale walioshukiwa kuifuata dini ya mababu zao kwa siri. Gaspar Rodrigues Nunes, mfanyabiashara wa Lisbon, alikuwa miongoni mwa walioteswa na mahakama hiyo. Alipopata nafasi, aliitoroka nchi pamoja na jamaa yake.

Mwanawe alizaliwa mwaka wa 1604 na kubatizwa kwa jina la Manoel Dias Soeiro. Kumbukumbu za kale hazipatani kuhusu mahali alipozaliwa. Zipo zinazotaja kisiwa cha Madeira, na zipo zinazotaja bandari ya La Rochelle nchini Ufaransa. Kutopatana huko hakustaajabishi, kwani mtoto wa mkimbizi huzaliwa njiani. Familia ilipotia nanga Amsterdam, ambako Wayahudi waliweza kuabudu bila kusakwa, baba aliitwa Joseph ben Israel na mwana akawa Menasseh.

Majina ya zamani, hata hivyo, hayakutupwa. Wafanyabiashara wengi wa jumuiya hiyo walikuwa na majina mawili: la Kiyahudi lililotumiwa katika sinagogi, na la Kireno lililotiwa sahihi katika hati za biashara. Walikuwa na jamaa na washirika waliobaki Ureno na Uhispania, na barua yenye jina la Kiyahudi ingeweza kumwingiza mpokeaji wake kizuizini. Jina la Kireno lilikuwa daraja la kuvukia mpaka.

Menasseh alionyesha kipaji tangu utotoni. Akiwa na umri wa miaka 17 alikuwa ameandika kitabu cha sarufi ya Kiebrania. Mwalimu wake, rabi Isaac Uziel, alipoaga dunia mwaka wa 1622, kijana huyo aliteuliwa kushika nafasi yake katika sinagogi la Neve Shalom. Mwaka uliofuata alimwoa Rachel Abravanel, binti wa ukoo mashuhuri uliotokana na wakimbizi wa Uhispania na Ureno. Walijaliwa wana wawili, Joseph na Samuel, na binti mmoja, Gracia.

Matbaa na Lugha

Mwaka wa 1627 Menasseh alitoa kitabu cha sala kutoka katika matbaa yake, ya kwanza ya Kiebrania kuanzishwa na Myahudi mjini Amsterdam. Vitabu vyake vilichapishwa kwa Kiebrania, Kihispania, Kireno na Kilatini, na kila lugha ilikuwa na kazi yake. Kiebrania kilikuwa cha ibada na wanazuoni. Kwa Kilatini alizungumza na wasomi Wakristo wa Ulaya. Kihispania kilitumiwa katika fasihi na ufafanuzi wa maandiko, na ndicho alichokitumia katika El Conciliador, kitabu alichoanza kukitoa mwaka wa 1632 ili kupatanisha aya za Biblia zinazoonekana kupingana. Kireno kilikuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kumbukumbu za vikao vya jumuiya.

Jambo hili linafaa kutafakariwa na mwanaisimu. Kireno kilikuwa lugha ya mahakama iliyomtesa baba yake, na bado ndicho kilichowatambulisha wana wa walioteswa. Kati ya mwaka wa 1645 na 1647 Menasseh alichapisha Thesouro dos Dinim, mwongozo wa sheria za Kiyahudi ulioandikwa kwa Kireno. Walengwa wake walikuwa watu waliolelewa kama Wakristo, wakafika Amsterdam wakitaka kuirudia dini ya mababu bila kujua neno la Kiebrania. Lugha iliyotumiwa kuwahukumu ndiyo iliyotumiwa kuwarejesha.

Walijiita taifa, ingawa hawakuwa na nchi. Mfano bora wa mshikamano wao ni chama kilichoanzishwa Amsterdam mwaka wa 1615 kwa lengo la kuwalipia mahari wasichana maskini na mayatima. Msichana hakulazimika kuishi Uholanzi ili afaidike. Aliyekuwa Ufaransa, Ujerumani au kwingineko angeweza kuingizwa katika kura, mradi awe wa taifa hilo. Damu nzito kuliko maji, na kwao mipaka ya wafalme haikuikata.

Brazil na Gharama ya Mshikamano

Sifa za Menasseh hazikumjaza mfuko. Masinagogi matatu ya Wareno mjini Amsterdam yalipounganishwa mwaka wa 1639, hakupewa cheo cha juu, na mshahara wake haukuitosheleza familia. Aliingia katika biashara, na kama wengi wa jumuiya yake alielekeza macho Brazil. Waholanzi walikuwa wameuteka mji wa Recife mwaka wa 1630, na Wayahudi wa Kireno walihamia huko kwa mamia. Nduguye Ephraim alikwenda. Menasseh mwenyewe alifikiria kumfuata, ila alibaki.

Hapa hatuna budi kusema ukweli usiopendeza. Utajiri wa Recife ulikuwa sukari, na sukari ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Mwaka wa 1641 Menasseh alitoa sehemu ya pili ya El Conciliador na kuitabaruku kwa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Magharibi. Mwaka uo huo kampuni hiyo iliuteka mji wa Luanda nchini Angola, kitovu cha biashara ya watumwa waliopelekwa Brazil. Mtu aliyejua vyema maana ya kung'olewa kwao alitafuta ufadhili kwa waliowang'oa wengine. Hatumtaji kwa jambo hili ili kumfuta katika historia. Tunamtaja kwa sababu msomaji Mwafrika ana haki ya kujua mtandao huo ulipita wapi.

Wareno waliirejesha Recife mikononi mwao mwezi wa Januari 1654, na Wayahudi wakalazimika kukimbia tena. Kundi dogo lilifika New Amsterdam, mji ambao leo ni New York. Wengine walirudi Uholanzi wakiwa wamefilisika.

Safari ya London

Tangu mwaka wa 1290 Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza. Menasseh aliamini kwamba Masihi hangekuja kabla ya Wayahudi kutawanyika hadi mwisho wa dunia, na katika maandiko ya Kiyahudi ya zama za kati Uingereza ilihesabiwa kuwa mwisho huo. Imani yake ilikuwa imechochewa mwaka wa 1644 na msafiri Mreno, Antonio de Montezinos, aliyedai kuwakuta Waisraeli waliopotea katika milima ya Amerika ya Kusini. Kutokana na masimulizi hayo Menasseh alichapisha mwaka wa 1650 kitabu kuhusu tumaini la Israeli, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka uo huo. Lakini ulikuwa pia mwaka wa msiba. Mwanawe Joseph alifariki Lublin, Polandi, alikokuwa amekwenda kwa shughuli za biashara.

Mwaka wa 1654, mwanawe wa pili, Samuel, alivuka bahari hadi London akiandamana na Manuel Martinez Dormido, mfanyabiashara aliyepoteza mali yake Recife. Dormido alimwomba Oliver Cromwell, aliyekuwa akiitawala Uingereza, awaruhusu Wayahudi kurudi na amsaidie kuidai mali yake. Cromwell alimwandikia mfalme wa Ureno kuhusu mali hiyo. Huu ulikuwa mtandao wenyewe ukifanya kazi: hasara ya Brazil, ikisemewa na mkaazi wa Amsterdam, ikaandikiwa barua London, barua ikapelekwa Lisbon.

Menasseh alifika London mwezi wa Septemba 1655 na kuwasilisha maombi yake kwa maandishi. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba kutawanyika kwa watu wake kulikuwa faida kwa nchi itakayowapokea, kwa kuwa wangeleta biashara kutoka kila pembe. Mwezi wa Desemba Cromwell aliitisha mkutano katika jumba la Whitehall. Wanasheria walisema kwamba hakukuwa na sheria iliyowazuia Wayahudi kuingia, lakini makasisi na wafanyabiashara wengi walipinga. Mkutano ulivunjika bila uamuzi.

Hata hivyo, London tayari ilikuwa na Wareno walioishi kwa siri kama Wakatoliki, akiwemo tajiri Antonio Fernandez Carvajal. Mwezi wa Machi 1656, vita na Uhispania vikiendelea, mali ya mmoja wao, Antonio Rodrigues Robles, ilizuiliwa kwa madai kwamba yeye ni Mhispania. Alijitetea kwamba ni Mreno na ni Myahudi, na baadaye akarudishiwa mali yake. Siri ikawa imefichuka bila mtu kuadhibiwa. Menasseh na wenzake sita waliomba ruhusa ya kusali majumbani mwao na ya kuwa na mahali pa kuzikia wafu wao. Kufikia mwaka wa 1657 walikuwa na nyumba ya ibada na makaburi.

Kwa Menasseh hayo yalionekana kuwa kushindwa. Alikuwa ametaka tangazo la wazi, akapata kunyamaziwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini pensheni ya pauni 100 kwa mwaka aliyoahidiwa na Cromwell hakuipokea. Mwezi wa Septemba 1657 Samuel naye alifariki London. Mzee aliuchukua mwili wa mwanawe hadi Middelburg, Uholanzi, ukazikwe huko. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, akiwa na umri wa miaka 53, yeye mwenyewe alifia katika mji huo. Alizikwa Ouderkerk, katika makaburi ya Wareno wa Amsterdam.

Hitimisho

Mwaka wa 1701 Wayahudi wa Kihispania na Kireno walikamilisha sinagogi la Bevis Marks jijini London, ambalo lingali linatumiwa hadi leo. Menasseh hakuliona, wala hakujua kwamba ule ukimya aliouhesabu kuwa kushindwa ndio uliokuwa mlango. Alizaliwa na jina moja akafa na jingine, akawazika wanawe wawili ambao walifia ugenini, na hakuacha mali. Aliacha vitabu vilivyowawezesha watu waliotengwa na bahari kusoma jambo moja kwa lugha moja.

Kwetu sisi tunaojifunza lugha inayozungumzwa katika nchi nyingi, maisha haya yana fundisho. Lugha huweza kuwaunganisha watu hata pale ambapo wafalme wanawatenganisha, na si lazima iwe lugha isiyo na doa. Kiswahili kiliokota meza na leso kutoka kwa waliotupiga mizinga na kuvifanya vyake. Menasseh alifanya vivyo hivyo na Kireno chote. Lakini tunapoisifu lugha kwa kuwaunganisha watu, tusisahau kuuliza ni nani waliolimishwa miwa ili umoja huo ulipiwe.