Carver, mtoto wa mtumwa aliyeponyesha udongo kwa kunde na karanga

Mkulima wa Tshopo anayefikiria kununua urea kwa ajili ya karanga zake, afadhali ajue kwanza maisha ya George Washington Carver.

Carver alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Missouri, Marekani, akiwa mtumwa kama mama yake. Angali mtoto mchanga, wanyang'anyi waliwateka wote wawili. Yeye alirudishwa, lakini mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokwisha, Moses Carver, aliyekuwa bwana wao, na mke wake Susan wakamlea.

Shule ya jirani ilikuwa ya wazungu tu, basi akaenda kusoma Neosho, mwendo wa kilometa kama 13. Akiwa kijana, chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua; alipofika wakaona ni mweusi, wakamfukuza. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 aliingia chuo cha kilimo cha Iowa, mwanafunzi mweusi wa kwanza pale, na akatoka na shahada mbili.

Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, Alabama. Kule alikuta udongo umechoka kabisa. Watu walilima pamba mwaka kwa mwaka, na pamba ilikuwa imemaliza azoti, chakula kinachoupa mmea majani na nguvu. Wakulima wengi weusi walilima shamba la mtu mwingine na kuishi kwa deni. Pesa ya mbolea ya dukani wangetoa wapi?

Wakati huo wataalamu wa Ulaya, Hellriegel mwaka 1886 na Beijerinck mwaka 1888, walikuwa wamekwisha kuonyesha siri ya jamii ya kunde: kwenye mizizi kuna vinundu, na ndani yake bakteria wanaovuta azoti ya hewani na kuulisha mmea. Carver alipeleka elimu hiyo kwa mwanakijiji. Pandeni kunde na karanga, aliwafundisha, kisha rudisheni pamba. Aliandika vijitabu vyepesi, na kuanzia 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilizunguka vijijini likionyesha kazi hiyo.

Kwetu somo ni lile lile. Ng'oa mche wa karanga wakati unatoa maua, pasua kinundu: kama ndani ni chekundu, azoti inaingia bure. Ukimwaga urea nyingi hapo, mmea unakuwa mvivu, unapunguza vinundu. Majani yananenepa, mbegu haziongezeki, na franga zako zimekwenda. Urea iwekee mahindi ao mpunga. Maharagi ni dhaifu kidogo kwa kazi hii, yanaweza kuhitaji mbolea kidogo mwanzoni. Soja kwenye shamba jipya mara nyingi inaomba bakteria wake, wanaopakwa kwenye mbegu. Na kwa udongo wetu mchachu, unaooshwa na mvua, jivu na fosfati vinasaidia kunde kuliko urea. Kiisha kuvuna, usichome mabaki: yaache yaoze shambani, mahindi yatayakuta.

Carver alikufa Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, kiisha miaka 47 ya kufundisha. Hakuoa, hakutafuta utajiri. Akiba yake aliiachia utafiti, ili kazi ya kuwasaidia wakulima isisimame.