Syotune wa Kathukye na Somo Lake kwa Washauri

Tulipoambiwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu wengi walikimbilia marais. Mimi nimemchagua mama mmoja wa Kilungu, huko Makueni, ng'ambo ya Mto Athi ukitoka kwetu Kitui. Jina lake ni Syotune wa Kathukye. Kitabu cha historia kinampa mistari michache tu, nami naona amepunjwa.

Syotune alikuwa mjane. Siku zake Waingereza walikuwa wameshajikita Ukambani. Kodi ya nyumba ilidaiwa, vijana walitakiwa kazini, na machifu wa serikali waliwaamrisha hata wazee. Mnamo 1911 mama huyu alianza kupandwa na pepo. Kwetu hilo si jambo geni. Tuna kilumi, ngoma ya akina mama watu wazima, ambayo huchezwa hata wakati wa kuomba mvua. Lakini ngoma ya Syotune ilivuka mipaka, ikaenea kijiji hadi kijiji. Mwanamume aitwaye Kiamba alijiunga naye, ngoma ikageuka siasa, watu wakaanza kukaidi serikali. Wakoloni walitishika, wakawakamata wote wawili na kuwahamishia mbali na Ukambani.

Sasa hebu tazama. Maafisa wa serikali waliona wazimu wa kuambukizana. Wazee waliona aimu, yaani pepo wa mababu. Wanahistoria waliokuja baadaye waliona uchungu wa kutawaliwa. Mama ni mmoja, maelezo ni matatu! Walioshika la wazimu peke yake walikuwa na dawa moja tu, kumwondoa. Ngoma ilinyamaza, lakini manung'uniko hayakwisha. Mwaka wa 1938, serikali ilipowanyang'anya Wakamba mifugo, maelfu yao walitembea hadi Nairobi kudai haki, wakiongozwa na Muindi Mbingu.

Nasimulia haya kwa sababu mimi ni mshauri wa wanafunzi wenzangu, na nimewahi kukosea vivyo hivyo. Katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, rafiki yangu alianza kupiga mayowe usiku bwenini. Wengine walisema ana majini, wengine ati anajifanya. Mimi nilikuwa nimefunzwa njia moja tu: kaa, sikiliza, usishauri. Nikakaa wiki nzima nikitikisa kichwa. Kumbe nyumbani kwao kulikuwa na kiangazi, baba hayupo, karo haijalipwa, na wadogo zake walikuwa wanalala njaa. Alihitaji mtu wa kuwafikia walimu na jamaa zake. Sikulijua hilo. Siku moja akafunga sanduku lake, akaenda, na hakurudi tena. Mpaka leo likinijia usiku silali.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma. Sigmund Freud (1856-1939) alifundisha kwamba maumivu ya utotoni hujificha ndani ya mtu na kumsumbua akiwa mkubwa. Carl Rogers (1902-1987) wa Marekani alifundisha kumsikiliza mtu kwa heshima bila kumhukumu. Aaron Beck naye aliangalia mawazo potovu yanayomvunja mtu moyo. Wengine husema usimtibu mtu kabla ya kuijua jamii yake. Kila mmoja ana ukweli wake, na hakuna aliye na ukweli wote.

Mwenzangu mmoja alinipinga, akasema mshika mbili moja humponyoka. Nakubali, ukizishika zote kwa mara moja utamchanganya anayekujia. Lakini fundi hubeba msumeno, nyundo na randa, kisha hutumia kile ambacho mbao inataka. Mshauri mwenye nadharia moja humlazimisha kila mtu aingie ndani ya nadharia hiyo, na asiyeingia huitwa mwendawazimu au mkaidi.

Laiti mtu mmoja angekaa na Syotune, akamsikiliza, akamwuliza habari za ujane wake, na pia akauliza habari za kodi! Yeye hatuwezi kumsaidia tena. Lakini bwenini kwenu yupo anayelia usiku. Kabla hujampa jina, jiulize kama umejifunza vya kutosha.